Stoo Yangu, Ufunguo Naomba

Jamani laptopu nimenunua mimi, mtumba wa Kariakoo, kwa hela niliyoichanga kopi moja moja hapa stationery, umeme nanunua mimi, hata lile vumbi kwenye kibodi ni langu, halafu leo asubuhi nataka kusevu kadi ya harusi kwenye diski D inaniambia pemishen dinaidi. Yaani sina ruhusa. Mimi!

Na mteja kashakaa kwenye benchi, mzee mmoja mtaratibu na bahasha yake ya kaki mapajani, nikajua tu huyu katumwa na kamati ya harusi kufuata kadi. Nikamwambia mzee wangu dakika mbili tu. Hizo dakika mbili zangu subirini mtazisikia.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu. Mashine ina ramu giga 4, Windows ukiiwasha unaenda kunywa supu unarudi bado inazungusha viduara. Dogo yuko chuo, akasema anko tuweke Ubuntu pembeni, mfumo mwingine wa jamii ya Linux, Windows ibaki, ukiwasha unachagua unayotaka. Nikaona sawa, wapangaji wawili nyumba moja, na stoo yao ya kuchangia ndo hiyo D yenye kazi zangu zote, mitihani ya shule, barua za kamati, kadi. Mtu niliyeishi uswahilini miaka yote na ugomvi wa LUKU ya kuchangia nilitakiwa kujua mapema kwamba hapo amani hakuna.

Basi nikafungua teminali nikaangalia mwenye mali ni nani, nakuta kila faili limeandikwa mwenyewe ni ruti. Ruti ndo nani? Eti bosi mkuu wa mashine. Lini kaja hapa kutoa kopi? Nikakumbuka dogo alinifundisha komandi ya kugawa ruhusa, nikapiga sudo chmod 777 kwenye diski nzima, nikaweka paswedi, Enta. Kimya. Hakuna kosa, hakuna karipio, nikasema ahaa, imekubali. Naangalia tena, ruti yuleyule, ruhusa zilezile, hakijasogea kitu. Bora ungenitukana nikajua moja!

Nikampigia dogo. Ananiambia kwa sauti ya chini, yuko kwenye kipindi, anko hiyo diski ni NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, chmod ya Linux haishiki pale, inapokelewa na kutupwa kimyakimya, ruhusa zinapangwa wakati diski inapachikwa, yaani inapounganishwa na mfumo, kwenye faili linaitwa fstab, mimi niliweka namba ya ruhusa, umask, nikasahau kukuandika wewe kama mwenyewe. Akakata, mwalimu kamwona.

Mimi huyo nikaingia fstab. Nikaiona hiyo umask=022, nikasema mbona dogo kabana hivi, 777 si ndo ruhusa ya kila mtu? Nikafuta nikaandika umask=777 kwa roho safi kabisa, nikawasha upya. Saa hizi hata kuchungulia siwezi! Mwanzo nilikuwa nasoma ila sisevu, sasa folda lenyewe halifunguki, nimejifungia nje ya stoo yangu kwa mkono wangu. Kumbe umask ni namba ya kunyima. Kwenye chmod unaandika unachotoa, kwenye umask unaandika unachokata, 777 ukikata 022 unabaki na 755, ukikata 777 unabaki na hewa. Aliyeweka vitu viwili jirani halafu vinasomwa kinyumenyume, huyo mtu nadhani alikuwa na deni la mtu.

Mzee wa bahasha anakohoa kidogo. Namwambia tumemaliza mzee wangu.

Nikarudi fstab, nikaandika mwenyewe ni mimi, uid=1000, maana ndo namba anayopewa wa kwanza kuandikishwa kwenye Ubuntu, umask=022, safi, ila kwenye haraka nikawa nimefuta ile namba ndefu ya diski, ikabidi niiandike kwa kuangalizia, na penye sifuri nikaandika herufi O. Kuwasha, mashine inasubiri diski isiyokuwepo duniani, inahesabu hadi sekunde 90, halafu skrini nyeusi, emajensi. Dogo akaja na boda, boda nimelipa mimi, akarekebisha O ikawa sifuri, akaongeza na neno nofail ili siku nyingine diski isipopatikana mashine iwake tu.

Sasa jina langu limekaa pale ruti alipokuwa, nafungua kadi, nasevu, inakataa. Eti ni ya kusoma tu.

Dogo ananiuliza, anko nilivyokuwa njiani nani kafungua Windows? Watoto, walicheza gemu, lakini walizima! Akacheka. Kumbe tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ukiizima haizimiki kweli, inajilaza na kuandika mambo yake kwenye diski ili kesho iwahi kuamka, na Linux ikiona mwenzake kalala nusu inaogopa kumharibia vitu, inakufungulia usome tu. Yaani mpangaji kaaga anaenda safari, kumbe kajifungia stoo na godoro. Na ajabu ni kwamba ristati ndo inazima kweli, kuzima ndo haizimi. Sijaongeza neno hapo. Tukaingia Windows, dogo akapiga powercfg /h off, komandi ya kuikataza kujilaza, tukarudi Ubuntu, nikasevu. Ikakubali! Nikasevu tena mara tatu bila sababu yoyote, raha tu.

Nikageuka, mzee wangu kadi hizi hapa, nitoe ngapi? Akanitazama. Kadi gani? Akafungua bahasha akatoa kitambulisho cha taifa, anataka kopi moja, mbele na nyuma. Mashine ya kopi imewaka tangu saa mbili asubuhi, iko pale pembeni yake. Mzee, mbona hukusema?

"Nilikuona unagombana na mtu humo ndani, nikasema mmalizane kwanza."