Madaktari wa Romania: kusomeshwa bure halafu kusepa?

Hii ishu ya madaktari wa Romania kukimbilia Ujerumani na Ufaransa watu wanaiongelea kirahisi sana, wengine wanawaita wasaliti eti wamesomeshwa miaka 6 kwa kodi za wananchi alafu wanaenda kutibu matajiri, wengine wanasema muache mtu atafute maisha. Wote wana pointi.

Nchi iliingia Umoja wa Ulaya 2007, kuanzia hapo shahada ya udaktari ya Bucharest inatambulika Berlin, kilichobaki ni makaratasi na lugha. Alafu 2010 serikali ikabana matumizi, mishahara ya watumishi wa umma ikakatwa 25%. Sasa daktari kijana, mlango uko wazi na mshahara umepigwa panga, angebaki kufanya nini?

Ila 2018 mishahara ya madaktari wa serikali ikapandishwa, wengi wakapata zaidi ya mara mbili, kwahiyo hoja ya njaa tuseme ukweli ilipungua nguvu. Na bado kuna wanaoondoka. Hospitali za Romania kuna mchezo wa bahasha, wenyewe wanaita șpagă, ndugu wa mgonjwa anamsogelea daktari kwenye korido anamtumbukizia noti kwenye mfuko wa koti jeupe, hakuna aliyeomba na hakuna aliyekataa. Wapo waliozoea (na wamejenga), wapo waliochoka kuangaliwa kama wala rushwa kabla hawajafungua mdomo. Ongeza na ile kashfa ya 2016, dawa za kuulia vijidudu hospitalini kumbe zimechakachuliwa maji, yaani unapasua vizuri kabisa alafu mgonjwa wako anaondoka na maambukizi ya wodini. Hapo hata ukiniongezea mshahara sikai.

Lakini anaelipa bili sio waziri, ni bibi wa kijijini huko Vaslui, mkoa maskini mashariki mwa Romania, maana miji mikubwa kama Bucharest na Cluj madaktari hawakosekani. Kinachonichekesha, Wafaransa wanakuja Cluj kusomea udaktari kwa Kifaransa, wanalipa ada wanarudi kwao, wakati vijiji vya Ufaransa vinachukua Mromania aliesomeshwa na serikali yake bila kurudisha hata senti.

Kuwafunga mkataba wa miaka kadhaa baada ya masomo mi sipingi, mradi huo mkataba useme pia gloves zitakuwepo na ajira haitapita kwa mjomba wa mkurugenzi.