Jupyter: Daftari Zuri la Kuchunguzia, Pabaya pa Kuishia

Wahandisi wa programu za kisayansi wamebishana kwa miaka kuhusu Jupyter, zana inayoweka msimbo, maelezo na michoro pamoja ndani ya kivinjari. Naitumia karibu kila siku, na bado naona wanaoilalamikia wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukubali.

Sifa zake si haba. Fernando Pérez alianza IPython, zana ya kuandika na kuendesha lugha ya programu ya Python hatua kwa hatua, mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa fizikia, na mwaka 2014 ikazaa Jupyter. Februari 2016 watafiti wa LIGO, mradi wa Marekani wa kutafuta mawimbi ya graviti, walipotangaza kuwa wamenasa mawimbi ya graviti, walitoa data pamoja na daftari la Jupyter, hivyo yeyote aliyetaka aliweza kurudia hesabu na kujionea mchoro wa ishara ya mashimo meusi mawili yakiungana. Huo ni uwazi wa kupigiwa mfano. Na mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret mwenye kompyuta dhaifu, kupitia Google Colab, huduma ya Google inayoendesha madaftari haya mtandaoni, anapata mashine yenye nguvu bila kulipa.

Sasa tazama kasoro yake. Daftari hugawanywa katika seli, yaani visanduku vya msimbo unavyoweza kuviendesha kimoja kimoja kwa mpangilio wowote. Tuseme seli moja inasoma vipimo vya mvua. Inayofuata inaondoa zile -999 zinazowekwa pale kipimo kilipokosekana. Ya tatu inakokotoa wastani. Ukishaiendesha ya kati kisha ukaifuta, data iliyosafishwa inabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na wastani unaendelea kuonekana sawa. Mwenzako akilifungua daftari hilohilo kwake na kuliendesha, -999 zinarudi, na wastani wa mvua unaweza kushuka hadi chini ya sifuri. Huyu angalau atashtuka. Kosa dogo zaidi lingepita kimya mpaka kwenye tasnifu.

Joel Grus, mwandishi wa vitabu vya sayansi ya data, alilisema hili mwaka 2018 mbele ya mashabiki wenyewe wa Jupyter, katika mkutano wao. Mwaka uliofuata, utafiti uliokusanya madaftari takriban milioni 1.4 kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, ukaonyesha kwamba kati ya yaliyojaribiwa kuendeshwa, asilimia 24 tu yalifika mwisho bila hitilafu, na asilimia 4 ndiyo yaliyotoa matokeo yaleyale.

Takwimu hizo zisomwe kwa haki, lakini. Mengi yalikwama kwa sababu maktaba fulani (msimbo wa ziada ulioandikwa na wengine) hazikuwepo, na faili ya kawaida ya Python isiyotaja maktaba zake ingekwama vivyo hivyo. Hapo lawama ni ya mwandishi. Mpangilio wa seli, hata hivyo, ni udhaifu wa zana yenyewe.

Kwa hiyo mimi nachunguzia kwenye Jupyter, na fomula ninayoihitaji mara ya pili naihamishia kwenye faili ya .py, yaani faili ya kawaida ya Python, yenye majaribio yake, daftari libaki kuiita tu. Wasimamizi wa tasnifu nao waombe jambo moja kabla ya kupokea mchoro wowote: daftari lianzishwe upya, seli zote ziendeshwe kuanzia juu hadi chini, mbele yao. Kwa madaftari mengi ya wanafunzi hiyo ni kazi ya dakika chache.