Sumu ya samaki: tufuate jina au mwamba?

Ili kumkinga mlaji na samaki wa sumu, wengine wanataka tuanze na jina la samaki, wengine na mwamba alikovuliwa. Mei 2007 watu wawili wa Chicago waliugua baada ya kula samaki waliyempika nyumbani. Dalili zilikuwa za sumu ya bunju, yule samaki anayejivimbisha. Mwenye duka akakana, bunju hauzi. Msambazaji wa California naye akakana: alichoingiza ni monkfish, samaki mwingine kabisa, na boksi ndivyo lilivyoandikwa. Vipimo vya vinasaba vikasema vingine. Mabaki ya chakula, na samaki wa mzigo uleule waliochukuliwa kwa msambazaji, walikuwa wa ukoo wa bunju, na sumu ilikuwamo kwa wingi. Ikabidi yarudishwe maboksi 282, ya ratili 22 kila moja, yaliyotoka China na kusambazwa katika majimbo matatu tangu Septemba 2006.

Wanaotaka tuanze na jina wana hoja nzito hapa. Mvuvi wa pwani yetu anamtambua bunju kwa kumwona tu. Akishagandishwa na kuvalishwa jina la mwingine, macho ya mvuvi hayasaidii kitu. Tena Marekani haikumfungia bunju mlango kabisa: wa Japani huingia mara chache kwa mwaka, wakiwa wametayarishwa katika mji wa Shimonoseki na wenye leseni. Sheria ilikuwapo. Lebo ndiyo iliyoipita kando.

Sigwatera, sumu ya samaki wa miamba, ni kesi nyingine. Sumu yake huanzia kwa vijidudu vya Gambierdiscus vinavyoishi juu ya mwani na matumbawe yaliyokufa, ikapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, mpaka kwa chewa, mzia na changu. Chukua chewa wawili wa aina moja, uzito mmoja: huyu salama, yule analaza nyumba nzima. Moto hauiondoi, barafu haiiondoi, wala haina harufu. Mgonjwa hushika maji baridi akahisi yanamchoma. Ujerumani ilipopata wagonjwa mwaka 2012, samaki walikuwa wametoka India, na hata jina sahihi lisingemwambia mlaji kitu.

Basi tupime kila shehena, wanasema wengine. Nawaelewa, ila hesabu inakataa. Kiwango ambacho Marekani huanza kukitilia shaka, kwa sigwatera ya Bahari ya Pasifiki, ni mikrogramu 0.01 kwa kilo, na maabara zenye uwezo huo ni chache. Tena ukipima samaki watano katika tani nzima, umejua habari za hao watano.

Kwa bunju, mimi niko na wa jina. Kwa sigwatera, nataka kujua samaki alivuliwa mwamba gani, na hapo makaratasi ni mepesi mno. Lebo ya Ulaya hudai eneo la uvuvi, lakini kwa samaki wa huku inatosha kuandika Bahari ya Hindi Magharibi, eneo namba 51 katika ramani ya uvuvi ya Umoja wa Mataifa. Changu wa Lamu, wa Mauritius na wa Mumbai wote ni 51.