Sare ile haikuwa bure

Jumapili nilikaa kibarazani naangalia mechi ya chesi, dogo mmoja wa bodaboda na mzee fundi viatu, wote wanacheza kwa mapenzi tu hawana cheo wala nini, wakamaliza sare baada ya masaa mawili na jamaa mmoja akanyanyuka akasema "yaani mmetupotezea muda bure." Iliniuma jamani, mpaka leo sijapoa.

Kwani alikuwa anaangalia nini? Mzee keshazidiwa, dogo ana askofu na askari wawili, yeye kabakiwa na farasi peke yake, sote pale tunajua kaisha. Kumbe mzee anahesabu. Akamtoa farasi akamla askari mmoja, farasi akaliwa, watu wakapiga kelele kwamba kakosea, yeye kimya anamkimbiza mfalme wake konani. Askari aliyebaki ni yule wa pembeni kabisa, mstari wa h, na mraba anaotakiwa kufika ili awe malkia, h8, ni mweusi, wakati askofu wa dogo anatembea kwenye nyeupe tu, kona hiyo hawezi kuigusa. Hapo cheza mpaka kesho! Mfalme akishakaa ile kona hakuna wa kumtoa, na ukimbana sana anakosa pa kwenda wakati hajashambuliwa, sare tena. Dogo kajaribu kila njia, mwisho akanyoosha mkono, "Shikamoo mzee wangu, hii sikuijua."

Sasa kitu kama hicho unakiitaje bure? Mtu kaiona njia moja tu ya kupona na kaifuata huku kibaraza kizima kinamzomea.

Na wengi pale ni watu wa drafti, ambao mwenye kingi moja akishika ule mstari mrefu wa kati mbele ya kingi tatu akatoka sare wanamwita fundi. Mwaka 2018 kule London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare mechi zote 12 za kawaida za ubingwa wa dunia, watu wakakesha wanazichambua. Ya mzee wetu moja tu imetushinda.

Haya, nakubali, zipo sare za kukera, watu wanapeana mikono hatua ya kumi wakanywe chai. Hizo sizitetei.

Ila pale kibarazani dogo alibaki karibu nusu saa nzima anazipanga zile kete upya, anamuuliza mzee aliiona kuanzia wapi, na pikipiki yake iko juani, abiria wanapita.