Chanjo ya ndigana kali: lipeni safari mbili

Huduma ya mifugo ya kutembelea vijijini husifiwa kwa pikipiki yake. Pikipiki ipo, mtungi wa nitrojeni upo, mtaalamu amefika boma hadi boma, watu wanapiga makofi. Mimi naihukumu kwa jambo moja: je, kuna anayerudi kuwaangalia ndama kati ya siku ya 8 na ya 21 baada ya chanjo?

Nazungumzia chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kwa sababu ndiyo inayoumbua mipango mibovu upesi. Ni vimelea hai vya Theileria parva, vile vile vinavyoenezwa na kupe wa masikioni. Ndama anaambukizwa kwa makusudi na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya asilimia 30, dawa ya antibiotiki, ili ugonjwa uje kidogo tu, mwili ujifunze. Kwa hiyo siku ya chanjo ndiyo siku ugonjwa unapoanza.

Ugumu unaanzia kwenye mrija mdogo unaohifadhi chanjo. Chanjo hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mrija mmoja ukishazimuliwa hutoa dozi zipatazo 40. Haurudishwi mtungini. Dawa iliyozimuliwa hukaa kwenye barafu na hutumika ndani ya saa nne hivi. Wakija ndama 25 tu, dozi 15 zinamwagwa na gharama inawaelemea waliokuja. Ama, na hili ni baya zaidi, mtu anashawishika kuzibeba mpaka kijiji cha jioni. Ndiyo maana orodha ya ndama, yenye jina la kila boma, iwe mkononi kabla mtungi haujafunguliwa. Kibanio cha kuwashikilia ndama kiwe tayari tangu jana yake. Ndama wanaokimbizwa kwa kamba uwanjani hula muda wa dawa.

Kosa linaloua ndama wengi, kwa maoni yangu, ni kukadiria uzito kwa macho. Oksitetrasaiklini hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 10, ndani ya msuli wa shingo. Ndama wa kilo 60 anahitaji mililita 6. Ukimwona wa kilo 40 ukampa 4, umempunguzia theluthi nzima ya kinga yake dhidi ya chanjo yenyewe. Utepe wa kupimia kifua, unaozungushwa nyuma tu ya miguu ya mbele, ni wa bei nafuu kuliko ndama mmoja aliyekufa. Chanjo yenyewe, mililita 1, inaingia chini ya ngozi karibu na shina la sikio. Ndama mwenye homa au aliyedhoofu asichanjwe siku hiyo, hata mwenyewe akisihi vipi.

Sasa safari ya pili. Hata kazi ikifanywa vizuri, ndama wachache huugua. Pima joto asubuhi, kabla jua halijawapandisha: kwenye nyuzi 39.5 kushuka chini, mwache. Akivuka 40 na tezi ya chini ya sikio au ya mbele ya bega imevimba, apewe buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, mililita 1 kwa kilo 20, siku hiyo hiyo. Akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, dawa hiyo mara nyingi haimwokoi tena.

Wafadhili na halmashauri hupenda kulipia siku ya chanjo kwa sababu ina picha. Mafuta ya kurudi hayana picha. Pale ambapo mtaalamu kweli hawezi kurudi, mfugaji mmoja wa hapo hapo afundishwe kupima joto na kushika tezi, aachiwe kipimajoto na namba ya kupiga, na chupa ya buparvakwoni iwe kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu, siyo makao makuu ya wilaya.

Mfugaji naye asidanganywe. Hereni ya sikioni, alama kwamba amechanjwa, inamwongezea ndama bei mnadani, na kinga ni ya muda mrefu, lakini ni ya ndigana kali pekee. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, bado ipo, kwa hiyo josho lisiachwe. Unaweza kupunguza mara za kuogesha, siyo kufuta kabisa. Na pale ng'ombe wanapochunga pamoja na nyati, chanjo hii haiwakingi vizuri, kwani vimelea vya nyati ni vya aina nyingine. Hilo lisemwe kabla ya kupokea hela.