Dawa za chango huku Kusini: zinamsaidia mwenye endometriosisi au zinamchelewesha?

Huku kwetu Kusini mwa Tanzania, uwe Masasi, Newala, Nachingwea au Lindi mjini, binti akianza kukunjwa na tumbo la hedhi mpaka hawezi kusimama, wa kwanza kuambiwa siyo daktari, ni bibi yake au somo yake, na jibu linajulikana, hilo chango, ndivyo tunavyoyaita maumivu ya tumbo la uzazi, mizizi inachemshwa anapewa kikombe asubuhi na jioni. Kuna wanaosema huo ni ushamba unaharibu wasichana, na kuna wanaosema hospitali ndo imeshindwa, dawa asili inamwangalia mtu kwa ujumla wake, siyo kizazi peke yake. Mi naona pande zote zina hoja ila wanabishania mizizi wakati mizizi ndo sehemu ndogo kabisa ya hii ishu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Endometriosisi ni tishu inayofanana na ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, lakini hii imeota nje ya mfuko, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo au kibofu. Kila mzunguko homoni zinaichokoza, inavimba, panabaki makovu na viungo vinagandana. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana kama milioni 190, yaani karibu 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wanakaa miaka mingi bila kugundulika. Sasa dawa nyingi za chango zinauzwa kwa ahadi ya kusafisha kizazi, mara unga wa kunywa na uji, mara kujifukiza, mara vile vidonge vya kupachika ukeni vinavyotangazwa WhatsApp eti vinatoa uchafu wote. Uchafu gani? Kitu chenyewe kiko nje ya kizazi, hata ukae juu ya sufuria la mvuke kutwa nzima hukifikii, utaambulia kuungua au maambukizi. Wanaouza hivyo vitu sina la kuwatetea.

Ila geuka upande wa pili sasa. Nenda na maumivu hayo hayo kituoni, foleni, dakika chache, unaambiwa una yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), unapewa antibayotiki na diklofenaki ya kutuliza maumivu, mwezi ujao unarudi vile vile. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isionyeshe chochote na unaambiwa uko sawa, we uko sawa vipi na jana ulilala sakafuni? Bibi yeye anakaa na wewe. Anauliza unalalaje, mwenzio anakuelewa, tendo la ndoa linauma, choo kikubwa kinauma ukiwa kwenye siku zako? Na haya mawili ya mwisho ndo maswali muhimu sana kwa ugonjwa huu, hospitali mara nyingi hawaulizi na mgonjwa anaona haya kusema. Kwa kungwi hamna haya, aliyekufunda mwali ndo mtu pekee unayeweza kumwambia unaumia ukiwa na mumeo. Bahati mbaya kungwi huyo huyo ndo anakufundisha kuvumilia, kwa hiyo anajua mapema kuliko daktari halafu anakwambia ukizaa litaisha. Wapo waliozaa na maumivu yakarudi, mimba siyo tiba.

Dawa zenyewe je? Tangawizi ina majaribio yanayoonyesha inapunguza maumivu ya kawaida ya hedhi, sawa, chemsha. Kwa endometriosisi yenyewe ushahidi ni mwembamba, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu mitishamba ya Kichina yalipata majaribio mawili tu yenye wanawake 158, na mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 haukuweza kupendekeza mtishamba wowote. Kikombe kikikutuliza ukalala usingizi siyo kitu cha kudharau, maumivu ya miaka yanakula usingizi, kazi na ndoa, lakini kutulia siyo kupona. Halafu kuna mizizi inayotumika kuongeza uchungu wa kuzaa, hiyo inakaza kizazi, ukimpa anayeumia hedhi unaweza kumzidishia. Na unga usio na jina juu ya diklofenaki kila siku, figo na ini ndo vinalipia. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake linalosajili waganga na dawa, ila nani anamuuliza muuzaji wa stendi usajili wake?

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba siku hizi siyo lazima upasuliwe kwanza ndo utibiwe. Ule mwongozo wa 2022 unaruhusu daktari aanze matibabu kwa dalili, na vidonge na sindano za homoni, zile zile za uzazi wa mpango, ziko mpaka zahanati. Hapo mtaa unapiga kelele kwamba zinaua kizazi. Haziui, ila sindano inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa ukiacha.

Kwa anayetafuta mtoto sasa hivi hoja ya hospitali inalegea, maana homoni hizo zinazuia mimba, na upasuaji wa kamera kwa wengi ni safari ya hospitali ya taifa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara na hela ya korosho haijaingia. Huyo ndo mteja mkubwa wa dawa za chango na simlaumu. Ningemwambia tu asisubiri dozi tatu za unga ziishe, aulizie daktari bingwa wa wanawake, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au ile ya Kanda pale Mitengo, aende na tarehe za maumivu kaziandika, aseme na lile la chumbani, na kama anakunywa mizizi ya bibi aitaje kwa jina.