Pole kwa Msiba wa Mbwa Usiyemfuga

Saa 2:04 asubuhi simu ilitoa mlio wa barua pepe, nikatabasamu peke yangu. Dakika nne tu zilikuwa zimepita tangu nitume barua kwa watu 38, na tayari mmoja kajibu! Nikajiambia, hivi ndivyo anavyovuna kocha wa maisha anayejali watu. Nikafungua. Alikuwa wakili mmoja, mtu wa makamo ambaye siku tuliyokutana aliongea kama anayelipia kila neno. Safari hii alikuwa amelipia manne: "Nani amekuambia kuhusu mtoto?"

Mtoto gani? Mimi na yeye tulizungumza maumivu ya mgongo.

Nikarudi kwenye barua niliyomtumia. Ilikuwa na upole wa kutosha kuliza jiwe: "Natumaini mtoto ameanza kuwaacha mlale. Meno yakianza kuota, nyumba nzima hukesha." Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua pana vinyweleo. Simu ikalia tena. Ikalia na ya tatu.

Kabla sijaendelea, kazi za watu hawa nimezibadilisha zote, kwa hiyo usijisumbue kumtafuta wakili.

Chanzo cha yote ni saa 39. Shirika la makocha la ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, hutoa cheti chake cha ACC kwa kocha aliyefikisha saa 100 za kukaa na wateja, na angalau 75 kati ya hizo ziwe za kulipwa. Mimi nilikuwa na 61, zimegoma hapo kama punda. Ndugu na marafiki nilishawamaliza. Ilifika mahali nikisema tu "hebu tuzungumze kuhusu malengo yako," shangazi anakumbuka ana safari. Na hata wangevumilia, wasingenifikisha mbali, kwa sababu ndugu zako wanawajua wale wale unaowajua wewe. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika makala maarufu kuhusu jambo hili: habari mpya, za kazi hasa, mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaojuana nao juu juu, maana wao wanazunguka kwenye duru tusizoingia. Basi nikatoka kwenda kuwatafuta wa juu juu.

Na nilitoka kwa adabu. Mimi si yule kocha anayegawa kadi kama anachanga karata. Katika mkutano wa saa mbili nilijiwekea watu watano au sita, dakika kumi hadi kumi na tano kwa kila mmoja, na robo tatu ya muda huo nikisikiliza. Wala sikujitambulisha kwa cheo. Ukisema "mimi ni kocha wa maisha" mtu anaangalia mlango, kwa kuwa hajui utamwuzia nini wala kwa muda gani. Nilisema: "Nawasaidia watu waliopandishwa cheo juzi, wakajikuta wanawaongoza waliokuwa marafiki zao." Hapo msikilizaji hatafuti maana ya neno, anamkumbuka shemeji yake. Nusu ya watu walinijibu kwa kunitajia mtu.

Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa kazi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau hukimbia zaidi mwanzoni kabisa, ndani ya saa ile ile ya kwanza. Ukisubiri ufike nyumbani, wa pili na wa nne wameshakuwa mtu mmoja mwenye miwani miwili. Kwa hiyo kila baada ya mazungumzo niliaga, nikaingia chooni, nikaandika mistari mitatu nyuma ya kadi ya mtu: alichosema kwa maneno yake mwenyewe, nilichomwahidi, na siku ya kumtafuta. Watu sita, safari sita. Kwenye mkutano wa tatu mama mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma kwamba anamfahamu daktari mzuri wa tumbo. Nikamshukuru, nikaenda chooni kuandika hilo.

Barua yenyewe nayo ilikuwa na kipimo chake: sentensi tatu. Ya kwanza, tulikutana wapi. Ya pili, jambo alilosema yeye. Ya tatu, kile nilichoahidi, kikiwa kimeambatishwa tayari. Hakuna bei, hakuna kiungo cha kuweka miadi, hakuna "ningependa kukuonyesha huduma zangu." Barua hiyo inatakiwa kufika ndani ya saa 48, na kila moja huchukua kama dakika nane ukiiandika kwa mkono wako.

Mimi sikuiandika kwa mkono wangu. Mikutano saba ndani ya wiki tatu, watu 38, dakika nane kila mmoja: hizo ni saa tano na dakika nne, na nilikuwa nimeshachelewa. Nikaamua kuwajali wote kwa mkupuo. Nikanakili kadi zote kwenye jedwali la Excel, nikaandika barua moja kwenye Word yenye matundu, ili programu ichukue jina, mazungumzo na ahadi kutoka kila mstari na kuvipachika. Uhalisia kwa jumla, kama bei ya mfanyabiashara.

Jedwali lilikuwa na jina na anwani ya barua pepe upande wa kushoto, mazungumzo na ahadi upande wa kulia. Katikati niliacha safu moja tupu. Haikuwa na kazi yoyote. Niliiacha ili macho yapumue. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipouawa. Ukibofya chumba kimoja ndani ya jedwali na kuiambia Excel ipange kwa alfabeti, yenyewe inatafuta mipaka ya data, na safu iliyo tupu kabisa kwake ni ukuta. Inahesabu kwamba jedwali limeishia hapo. Kwa hiyo nilipopanga majina ili nione kama kuna mtu nimemwandika mara mbili, majina na anwani zilihama pamoja kwa utii, na mazungumzo yakabaki yamekaa yalipokaa, kila moja sasa likiwa na mwenyewe mpya.

Ungechagua safu moja peke yake huku imegusana na nyingine zenye data, Excel ingekuonya na kukuuliza kama unataka kupanua eneo ulilochagua. Lakini kwa ukuta wa safu tupu haisemi kitu. Kwa maoni yake kila jambo lipo sawa. Nami nikahifadhi faili, nikalifunga, nikaua na uwezekano wa Ctrl+Z, ile amri ya kutengua ulichofanya.

Utauliza, hukuangalia barua kabla ya kutuma? Niliangalia! Niliangalia moja, ya kwanza. Mtu wa kwanza kukutana naye kwenye mkutano wa kwanza ana jina linaloanza na Ab, na katika watu 38 hapakuwa na wa kumtangulia. Alikuwa mstari wa kwanza kabla ya kupanga, akabaki wa kwanza baada ya kupanga. Barua yake ilikuwa sahihi hadi nukta. Nikasema, bismillah. Ningefungua ya mwisho na mbili tatu za katikati, leo ningekuwa na heshima zangu.

Kurudisha haikuwezekana. Gmail hukupa muda wa kutengua barua uliyotuma, lakini hauzidi sekunde 30, na ni lazima uwe umeuweka hivyo mwenyewe kwenye mipangilio. Mimi nilitumia Outlook, ambayo ina kitufe cha kuita barua irudi, ila humsaidia mtu aliyewaandikia wenzake walio kwenye mfumo wa taasisi moja. Wangu walikuwa wametapakaa kila kona ya dunia ya kazi.

Majibu yakaendelea kumiminika. Mhasibu mmoja alipewa pole kwa msiba wa mbwa. Akajibu kwa heshima kwamba hajawahi kufuga mnyama yeyote, lakini anashukuru. Mwenye mbwa naye, akiwa bado analia, alipongezwa kwa kupunguza kilo nane. Mpiga picha aliahidiwa kwamba nitamkutanisha na mpiga picha. "Ni mimi," aliandika. Kuna niliyemwandikia, "Kile kitini ulichoomba kuhusu namna ya kusema hapana nimekiwekea kiungo hapa chini, je, kimekufikia?" Jibu lake lilikuwa: "Hapana." Mpaka leo sijui kama alikuwa anakana kukipokea au ameshakisoma.

Nilicheka hadi nilipofika kwa mwenye kiwanda. Yeye alisoma hivi: "Uamuzi wako wa kuacha kazi mwisho wa mwezi ni wa kijasiri, na bosi wako hatasikia kutoka kwangu." Akajibu: "Kampuni ni yangu. Barua ya kuacha kazi nimpe nani?" Kichekesho kikaishia hapo, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa ameninong'oneza. Bahati yangu ni kwamba hakuwa mfanyakazi wa kiwanda kile. Ilikuwa bahati tupu. Mimi sikuwa nimeizuia kwa lolote. Siri ya mtu haikupaswa kukaa kwenye safu inayosomwa na barua. Inakaa kando, kwenye daftari, na kwenye jedwali unaandika "muulize habari za kazi," basi.

Nikaweka simu kwenye chaja na kuanza kupiga. Barua ya pili ya kuomba radhi ingekuwa kujaribu kuzima moto kwa upepo. Nusu yao wangeogopa hata kuifungua. Nilianza na wale ambao maneno yao yangeweza kuwaumiza yakivuja, watu wanne, kisha waliopokea maneno hayo, nikiwaomba waifute barua. Waliobaki wakafuata. Maelezo yalikuwa mafupi: nimepanga jedwali vibaya, umepata maneno ya mtu mwingine, na ya kwako yameenda kwa mtu mmoja bila jina lako. Kisha nikanyamaza ili mtu aseme anachotaka. Kunyamaza ndiko kugumu, ulimi unawasha kujitetea. Yule wa kuacha kazi alikaa kimya sekunde ambazo niliziona ni mwaka wa masomo, akasema, "Kwa hiyo mimi niliambiwa pole ya mgongo wa nani?"

Watu 29 walipokea. Simu niliyoipangia dakika tatu ilikwenda ishirini, kwa kuwa kila mmoja alitaka kujua wengine waliandikiwa nini, nami nikawa nakataa kusema, nao wakawa wanacheka kwa kukataa kwangu. Watatu waliomba niwafute kabisa kwenye jedwali. Nikawafuta wangali wananisikiliza. Mhasibu asiye na mbwa akaniuliza ninatoza kiasi gani kwa saa. Nikakaa wima, nikamtajia. Akasema sawa, aje Alhamisi, nimwonyeshe namna ya kutuma barua za wateja wake kutoka kwenye jedwali, maana ameona mimi najua kila mahali panapoweza kuharibika. Akalipa saa mbili. Kufundisha Excel si ukocha, kwa hiyo ICF hazitambui. Nikabaki 61.

Wakili nilimwacha wa mwisho. Alisikiliza maelezo yangu yote, safu tupu, alfabeti, ukuta. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo hujui lolote kuhusu mtoto." Nikamwambia sijui lolote. Akashusha pumzi ndefu, akakata simu. Baada ya dakika kumi akapiga tena, akauliza kama nina nafasi Jumanne.

Ni mteja wangu wa kulipa sasa, na hesabu imefika 72. Tunayozungumza hayapo kwenye safu yoyote.